Sanduku Lenye Miaka 250: Historia ya Umeme Unaopika Bia Nyumbani

Fungua sanduku la kudhibiti umeme la mtu anayepika bia nyumbani. Mara ya kwanza utaona vurugu tu: nyaya za rangi tofauti, kibao kidogo chenye tarakimu nyekundu, kipande cha alumini chenye mapezi kama ya samaki, breka, swichi, taa mbili tatu. Ukiambiwa kwamba yote haya ni kwa ajili ya kuchemsha maji kwenye sufuria, utauliza: jiko lina kosa gani?

Swali zuri. Jibu lake linaanza kabla hata umeme haujaingia majumbani, na ndani yake kuna watengenezaji bia, mabaharia, na watu waliokubali kupigwa shoti kwa hiari yao. Tutapita kwenye sanduku hili kipande kimoja kimoja. Ila nikuombe ushike jambo moja tangu mwanzo: vipande hivi viko vya aina mbili. Kuna vinavyomlinda bia, na kuna vinavyomlinda mpishi. Vya kwanza wazo lake lina umri wa miaka 250 hivi. Vya pili, kwa namna tunavyovijua leo, vina miaka kama 60 au 70 tu. Na vya pili ndivyo watu huviacha wanapotaka kubana matumizi.

Kidole na uso majini

Kwanza tuelewe shida yenyewe. Bia huanza na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa. Ndani ya kimea kuna wanga, na kuna vimeng'enya vinavyoweza kuukata wanga huo kuwa sukari. Ukiloweka kimea kwenye maji ya nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi, unapata sukari nyingi ambayo chachu inaweza kuila, kwa hiyo bia inatoka kali na kavu. Ukipanda hadi nyuzi 70, bia inatoka nzito na yenye utamu. Ukivuka nyuzi 80, vimeng'enya vinaharibika kwa dakika chache, na kimea chako kimegeuka uji. Tofauti ya nyuzi tano tu inabadilisha kinywaji.

Vimeng'enya hivi vilitambuliwa mwaka 1833, pale Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz walipotoa kwenye kimea kitu walichokiita diastazi. Lakini watu walikuwa wakitengeneza bia maelfu ya miaka kabla ya hapo. Walijuaje joto? Kwa mwili. Uingereza ya zamani, mtengenezaji bia alichemsha maji, akayaacha yapoe mpaka mvuke upungue kiasi cha kuona uso wake majini. Wengine walichovya kidole. Usicheke: mama anayepika busaa Kisumu au mbege Moshi naye anajua kwa mkono wake lini uji umepoa kiasi cha kupokea kimea cha ulezi. Ujuzi huo ni wa kweli. Shida yake ni kwamba hauandikiki. Mkono wa mwenye ujuzi ukiondoka, umeondoka na kipimo.

Kipimajoto cha zebaki cha Daniel Fahrenheit kilikuwapo tangu 1714. Viwanda vya bia havikukipokea kwa mikono miwili. Michael Combrune, mtengenezaji bia wa Uingereza, ni miongoni mwa wa kwanza kuandika jinsi ya kukitumia kazini, katika kitabu chake cha mwaka 1762. James Baverstock, kijana wa mji wa Alton, ilibidi akitumie kwa siri kwa sababu baba yake, mwenye kiwanda, aliona ni mchezo wa kupoteza muda. Haya ndiyo mambo ya mzee na kijana popote duniani! Hata hivyo, kufikia mwisho wa karne ya 18 viwanda vikubwa vilikuwa vimekubali. Ukitengeneza mapipa mengi kwa mpigo mmoja, kosa la kidole ni hasara kubwa mno.

Kwa hiyo kile kibao chenye tarakimu nyekundu kwenye sanduku, na fimbo ya chuma inayozama kwenye sufuria, ni wajukuu wa kipimajoto cha siri cha Baverstock. Fimbo ile mara nyingi ina kipande cha platinamu ndani. Ukinzani wa platinamu hupanda kwa utaratibu unaojulikana kadiri joto linavyopanda: kipande cha kawaida kina omu 100 kwenye nyuzi 0, na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. William Siemens alipendekeza kupima joto kwa njia hiyo mwaka 1871, na Hugh Callendar akaifanya iaminike kwenye miaka ya 1880.

Mtoto wa kiwanda cha bia

Sasa tuje kwenye hita. Hapa historia inanoga.

James Prescott Joule alizaliwa mwaka 1818 huko Salford, kando ya Manchester. Baba yake alikuwa na kiwanda cha bia. James alisomeshwa kwa muda na John Dalton, yule wa nadharia ya atomu, lakini hakuwa profesa wa chuo chochote. Alikulia kwenye kiwanda, akafanya kazi kiwandani, na majaribio yake aliyafanya nyumbani.

Kilichomvuta kwenye umeme kilikuwa swali la biashara: je, mota ya umeme inaweza kuchukua nafasi ya injini ya mvuke? Alipiga hesabu, akaona haiwezekani kwa wakati ule, kwa sababu zinki inayoliwa na betri ilikuwa ghali kuliko makaa ya mawe. Lakini njiani aliona jambo jingine. Nyaya zinapopitisha mkondo, zinapata joto. Joto kiasi gani?

Akafanya jaribio ambalo wewe ungelitambua mara moja. Alizungusha waya kwenye kijiti cha kioo, akauzamisha kwenye maji, akapitisha mkondo aliokuwa anaupima, kisha akatazama kipimajoto. Kwa maneno mengine, alitengeneza hita ndogo ya maji! Matokeo aliyoyatoa mwaka 1840 na 1841 ndiyo tunayofundishwa hadi leo: joto linaongezeka kwa mraba wa mkondo, mara ukinzani. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne.

Wanahistoria wa sayansi wamesema kwamba malezi ya kiwandani yalimsaidia. Baadaye, alipokuwa akikoroga maji kwa uzito unaoanguka ili aonyeshe kwamba kazi na joto ni kitu kimoja kinachobadilishana, alidai kusoma mabadiliko ya sehemu ndogo sana za nyuzi moja. Wanafizikia wengi hawakumwamini. Lakini mtu aliyekua kwenye nyumba ambamo nyuzi mbili tatu zinaharibu mali ya baba alikuwa na sababu ya kujifunza kusoma kipimajoto vizuri.

Tuweke namba. Hita ya wati 3,000 kwenye umeme wa volti 240 inavuta ampea 12.5. Kupandisha lita 25 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 67 kunahitaji karibu jouli milioni 4.9. Gawa kwa 3,000, unapata kama sekunde 1,640, yaani dakika 27 hivi, bila kuhesabu joto linalopotea hewani. Jouli, bila shaka, ni jina la yule mtoto wa Salford.

Ila sheria ya Joule haijui ni sehemu gani ya saketi uliyotaka ipate moto. Skrubu moja ikilegea kwenye sanduku na kuwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, ampea 12.5 zikipita hapo zinatoa wati 15 na zaidi kwenye kichwa cha skrubu. Weka hita kubwa ya ampea 25, sasa ni wati 62. Hiyo ni ncha ya pasi ya kulehemu iliyofungiwa ndani ya sanduku la plastiki. Ndiyo maana fundi mzuri anarudi kukaza skrubu zote baada ya siku chache za matumizi, na ndiyo maana unene wa waya si jambo la kukisia.

Mshika usukani

Una hita na una kipimajoto. Nani awashe na kuzima?

Wazo la kifaa kujirekebisha chenyewe ni la zamani. Mholanzi Cornelis Drebbel, mwanzoni mwa karne ya 17, alitengeneza tanuru na mashine ya kuangulia vifaranga ambayo ilipunguza moto yenyewe joto lilipozidi. Ukimjua mtu anayefuga kuku na ana mashine ya kutotolea mayai, basi unajua kitu cha ukoo mmoja na sanduku letu.

Lakini kuwasha na kuzima tu hakutoshi. Hita ikizimwa pale nyuzi zinapofika 67, chuma chake bado kina moto, na fimbo ya kupimia inachelewa kupata habari. Joto linapitiliza, kisha linashuka chini mno, kisha linapitiliza tena. Mpishi anahesabu nyuzi, sufuria inacheza bembea.

Aliyetoa dawa ya ugonjwa huu kwa hesabu alikuwa anafikiria meli. Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, aliangalia jinsi mshika usukani mzoefu anavyofanya kazi. Aliona kwamba haangalii tu meli imepotoka kiasi gani. Anaangalia pia inapotoka kwa kasi gani, na kama kuna upepo au mkondo unaoisukuma upande mmoja muda wote. Mwaka 1922 Minorsky alichapisha uchambuzi wake, na mfumo wake ukajaribiwa kwenye manowari ya Marekani USS New Mexico.

Kile kibao chenye tarakimu, mafundi wanakiita PID. Herufi tatu, maswali matatu ya mshika usukani. Niko mbali kiasi gani na nyuzi 67? Nimekaa mbali kwa muda gani kwa jumla? Ninakaribia kwa kasi gani? La kwanza peke yake huishia chini kidogo ya lengo, kwa sababu sufuria inapoteza joto hewani muda wote. La pili ndilo linaloona upotevu huo na kuongeza nguvu. La tatu linasema, "Punguza sasa, unafika." Mwaka 1942 John Ziegler na Nathaniel Nichols walitoa kanuni rahisi za kupanga uzito wa kila swali, na vibao vya leo vina kitufe cha kujipanga vyenyewe kinachofuata wazo la namna hiyo.

Kibao kile hakiwezi kubeba ampea 12. Kinatuma ishara ndogo ya volti chache kwa rilei ya kielektroniki, ile iliyokaa juu ya alumini yenye mapezi. Ndani yake kuna vipande vya silikoni vya familia iliyoanza na thairista ya kampuni ya General Electric mwaka 1957. Inafungua na kufunga bila mlio, mara nyingi upendavyo, bila kulika kama rilei ya sumaku. Mapezi yapo kwa sababu silikoni nayo hupata joto: volti moja hivi inapotea hapo, na kwa ampea 12.5 hiyo ni wati 12 na zaidi za kutupa hewani.

Lakini ina tabia moja mbaya, na hapa tunaanza kuhama kutoka kumlinda bia kwenda kumlinda mpishi. Rilei ya namna hii ikifa, mara nyingi inakufa ikiwa imewasha. Kibao kinasema "zima", sufuria inaendelea kuchemka. Na hata ikiwa nzima na imezima, umeme kidogo unapenya. Kwa hiyo isihesabike kamwe kuwa ni swichi ya usalama. Juu yake lazima pawe na kontakta au swichi kuu inayotenganisha nyaya kwa chuma kinachoachana na chuma, na iwe ya kukata nyaya zote mbili. Marekani, umeme wa volti 240 unakuja kwa nyaya mbili zote zenye umeme. Ukikata mmoja, hita imepoa lakini bado inaua. Kwetu waya wenye umeme ni mmoja, lakini fundi akibadilisha nyaya kwenye plagi kwa bahati mbaya, yanatokea yale yale.

Watu walioshindwa kuachia

Kwa muda mrefu ulinzi wa umeme ulikuwa fyuzi na breka. Ni vitu vizuri. Tatizo ni kwamba havikuwekwa kwa ajili yako. Fyuzi ya ampea 13 inalinda waya usiungue. Haijui kama kuna mtu.

Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alitaka kujua mwili unavumilia kiasi gani. Aliwaomba watu wajitolee, zaidi ya mia moja, washike waya huku mkondo ukipandishwa polepole mpaka misuli ya mkono ijifunge na mtu ashindwe kuachia. Kwa wanaume wastani ulikuwa karibu miliampea 16. Kwa wanawake, karibu 10 na nusu.

Weka namba hizo kando ya fyuzi. Ampea 13 ni miliampea 13,000. Mtu anashindwa kuachia waya kwenye miliampea 16, na moyo wake unaweza kuvurugika kwenye makumi machache tu zaidi. Atakufa muda mrefu kabla fyuzi haijaona chochote. Na mpika bia amesimama kwenye sakafu yenye maji, mkono umelowa, ameshika sufuria ya chuma yenye hita ndani yake. Ukitaka kubuni njia ya kumfikishia mtu umeme, utahangaika kupata bora kuliko hiyo.

Jibu lilikuwa kupima kitu kingine kabisa. Badala ya kuuliza mkondo ni mkubwa kiasi gani, unauliza kama mkondo ulioenda ndio uliorudi. Nyaya zote mbili zinapitishwa kwenye pete moja ya chuma. Mambo yakiwa sawa, kinachoenda na kinachorudi vinafutana. Umeme ukipata njia nyingine ya kwenda ardhini, kwa mfano kupitia wewe, hesabu haifungi, na kifaa kinakata saketi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Afrika Kusini, Henri Rubin alikuza vifaa vya namna hii kwa ajili ya migodi ya dhahabu kwenye miaka ya 1950. Dalziel alitoa chake mwaka 1961. Vya Marekani hukata kwenye miliampea 5 hivi. Vya majumbani kwetu, ambavyo mafundi wanaviita RCD, vinakata kwenye miliampea 30.

RCD haifanyi kazi ya waya wa ardhi, na waya wa ardhi haufanyi kazi ya RCD. Hita ikipasuka ndani ya sufuria iliyounganishwa ardhini, umeme unavuja kupitia waya na RCD inakata papo hapo, hata kama hakuna mtu jikoni. Bila waya wa ardhi, sufuria inakaa na umeme wake ikisubiri wa kwanza kuigusa. Kuna nyumba ambazo tundu la tatu la soketi lipo, lakini nyuma yake hakuna waya uliofika ardhini. Ukisikia mtu anasema kwa utani kwamba shawa yake ya umeme "inatekenya", hiyo ndiyo habari anayokupa. Si utani.

Sanduku linaingia nyumbani

Vipande vyote hivi vilikutana jikoni kwa sababu ya sheria. Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Marekani, marufuku ya pombe ilipofutwa mwaka 1933, divai ya nyumbani iliruhusiwa lakini bia ikaachwa nje. Ilibidi kusubiri hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoruhusu hadi galoni 200 kwa mwaka kwa nyumba yenye watu wazima wawili, sawa na lita 757. Watu walianza na majiko ya kawaida na ya gesi. Baadaye wakagundua kwamba hita ya boila ya nyumbani, ile ya wati 5,500, inaingia vizuri kwenye sufuria kubwa, haitoi moshi, na inadhibitika. Ampea zake ni karibu 23. Hapo ndipo sanduku lilipohitajika.

Kwetu sheria za pombe ya nyumbani zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo zisome kabla hujanunua hata waya. Lakini huhitaji kupenda bia ili sanduku hili likuhusu. Mwenye kikundi cha kuchemsha maziwa, mwenye mashine ya vifaranga, anayekausha maembe, anayechemsha nta ya nyuki: wote wanaunganisha hita, kipimo na kidhibiti. Kibao cha PID na rilei yake vinauzwa madukani na mitandaoni, na vinakuja bila RCD, bila kontakta, bila waya wa ardhi. Bidhaa itatoka safi hata hivyo vitu visipokuwapo. Maziwa hayatakuambia kwamba kuna kitu kimekosekana.

Kwa hiyo leo, kabla hujafikiria sanduku lolote, nenda kwenye meni swichi ya nyumbani kwako. Tafuta kifaa chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Waambie wenzako umeme utakatika kidogo, kisha kibonyeze. Umeme unapaswa kukatika mara moja. Usipokatika, au usipokiona kitufe chenyewe, mwite fundi mwenye leseni akague na waya wa ardhi pia. Hita itasubiri.